Kupunguza Safari za Lori la Jaa: Mwongozo wa Uchumi Mzunguko wa Taka kwa Vikundi vya Mitaa ya Kisumu

Mtu akisimama Jumatatu asubuhi ukingoni mwa soko la Kibuye, baada ya soko kubwa la Jumapili, atakuta maganda ya ndizi, majani ya kabichi, nyanya zilizopondeka na mabaki ya miwa yamerundikwa pamoja na chupa za plastiki na katoni zilizolowa. Karibu kila kitu katika rundo hilo kilikuwa na mwenye kukihitaji mpaka saa kilipochanganywa na mwenzake. Ganda la ndizi lingelishwa nguruwe, na katoni ingenunuliwa kwa kilo na wanaopeleka karatasi viwandani, lakini ganda lililogandamana na katoni iliyolowa halina mnunuzi, na sasa ni mzigo ambao lazima mtu alipie mafuta ya lori ili ukatupwe.

Mwongozo huu unakusudiwa kikundi cha vijana, cha akina mama au cha wenye ploti katika mitaa kama Manyatta, Nyalenda, Obunga au Bandani, kikundi kinachotaka kushughulikia taka za nyumba kama arobaini hivi bila kungoja mradi mkubwa. Msingi wake ni uchumi mzunguko, yaani mpango wa kukifanya kitu kikae kazini muda mrefu iwezekanavyo, kwanza kwa kupunguza kinachotupwa, kisha kwa kukitumia tena na kukitengeneza, na mwishowe kwa kukigeuza kuwa malighafi ya kitu kingine. Jina ni geni kidogo, lakini kazi yenyewe si ngeni hapa. Mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa, ambayo sote tunaijua kwa jina la mgongo wazi, imekuwa ikikaangwa na kuuzwa Obunga miaka mingi. Tairi kuukuu huwa akala, alumini chakavu huyeyushwa na mafundi wa jua kali ikawa sufuria, na chupa ya soda ya kioo hurudi na kreti yake kwa sababu ina amana. Katika mifano yote hii mzunguko uliwezekana kwa kuwa mnunuzi alikuwapo kabla ya mkusanyaji, na mpangilio huo ndio unaoongoza hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza: pimeni kabla ya kununua chochote

Chagueni ploti nne au tano zenye jumla ya nyumba kumi, mkusanye taka zao kwa siku saba mfululizo, Jumapili ikiwemo, na kuzipima kila siku kwa mizani ya kuning'iniza. Baada ya kupima uzito wote, mwageni taka juu ya turubai na kuzitenga katika mafungu manne: zinazooza, zisizooza zenye mnunuzi, zisizooza zisizo na mnunuzi, na za hatari kama betri, sindano na globu. Pimeni kila fungu na kuandika katika daftari.

Makadirio ambayo hutumika sana ni nusu kilo ya taka kwa mtu mmoja kwa siku. Nyumba arobaini zenye wastani wa watu wanne na nusu zitatoa basi takriban kilo 90 kwa siku. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya uzito huo huwa taka zinazooza, na kikundi chenu kikipata asilimia 60, hizo ni kilo 54 za maganda, mabaki ya ugali, majani ya managu na magamba ya samaki kila siku ya Mungu. Nambari hii ndiyo itakayoamua ukubwa wa eneo mtakalohitaji, kwa hiyo msiikadirie mkiwa mmekaa kivulini.

Hatua ya pili: tafuteni mlango wa kutokea

Kabla ya kubeba taka za nyumba hata moja, andikeni orodha ya watu watakaopokea kila fungu, mkawatembelee mmoja mmoja. Kwa taka zinazooza, ulizeni wafugaji wa nguruwe, wenye vitalu vya miche kando ya barabara, wakulima wa mboga na wafugaji wa kuku. Kwa taka kavu, zungukeni kwa wanunuzi wa chupa, wa katoni na wa chuma chakavu, na muulize mambo matatu: wananunua aina gani hasa, wanataka kiasi gani cha chini ndipo waje wenyewe kuchukua, na wanakataa kitu kwa sababu gani. Jibu la swali la tatu lina thamani kuliko bei, kwani bei hubadilika kila mwezi ilhali sababu za kukataa hazibadiliki sana: uchafu, maji na mchanganyiko.

Nakuru wana mfano mzuri wa kufikiria mlango huo mapema. Kampuni ya maji ya mji ule ilianzisha kazi ya kutengeneza makaa ya kupikia kutokana na kinyesi cha vyoo, kilichokaushwa, kuokwa kwa moto mkali na kuchanganywa na vumbi la mbao. Wengi waliosikia walicheka kwanza, lakini walioanzisha walikuwa wameona kwamba mji una watu wanaonunua makaa kila siku, na kwamba kinyesi hicho kingegharimu fedha kukitupa hata kama hakuna aliyekihitaji.

Hatua ya tatu: vyombo viwili, wala si vitano

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zisizo za hatari zitenganishwe katika mafungu mawili, zinazooza na zisizooza, na ziwekwe katika vyombo vyenye alama. Kwa mtaa wenye nyumba za chumba kimoja, mafungu mawili ndiyo kiasi ambacho mtu aliyerudi kutoka kazini saa mbili usiku anaweza kuyakumbuka. Kikundi nilichofanya nacho kazi Manyatta kilianza kwa pupa, kikanunua ndoo za rangi tano kwa kila ploti. Haikupita mwezi, ndoo nne kati ya tano zilikuwa zinahifadhi maji ya kunywa na moja ilikuwa ya mama fua, na sioni sababu ya kuwalaumu wapangaji kwa hilo, maana ndoo safi yenye mfuniko ina thamani zaidi kwa maji kuliko kwa taka katika ploti ambayo bomba hukauka.

Tumieni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko kwa taka zinazooza na gunia lililotundikwa kwenye msumari kwa taka kavu. Ndoo itobolewe matundu madogo karibu na ukingo wa juu, ambayo hupunguza harufu na wakati huohuo huifanya isifae tena kuhifadhi maji. Msifunge taka zinazooza ndani ya mifuko ya plastiki. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 28, 2017, na mwaka 2024 NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ilitoa agizo kwamba taka zinazooza zikusanywe katika mifuko ambayo nayo huoza. Magazeti ya zamani yakitandikwa chini ya ndoo yanatosha, na huingia katika mboji, yaani mbolea ya taka zilizooza, bila shida.

Ndoo zikusanywe Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na magunia Jumamosi pekee. Katika joto la Kisumu taka mbichi zikikaa siku nyingi huanza kutoa funza, na mpangaji akishaona funza mlangoni pake hamtamshawishi tena. Mazungumzo ya awali yafanywe na mwenye ploti au mtunzaji wake, kisha nyumba kwa nyumba, wala msitegemee mkutano wa baraza peke yake. Ndoo iliyochanganywa irudishwe kwa heshima mbele ya mwenyewe, mkimwonyesha kilichokosewa. Mkiichukua na kuichambua wenyewe ili kuepuka maneno, mtaendelea kuichambua mpaka mtakapochoka.

Hatua ya nne: taka zinazooza, ambako kazi kubwa ipo

Vikundi vingi huvutiwa na chupa kwa sababu chupa huleta fedha taslimu siku ileile. Maoni yangu ni kwamba mnapaswa kuanzia kwenye uozo. Ndio uzito mkubwa, ndio unaochafua kila kitu kingine, na ukifukiwa jaani bila hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto mara 28 hivi kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Uozo ukiondolewa, zilizobaki huwa nyepesi na kavu, na zinaweza kungoja wiki nzima bila kumsumbua mtu.

Eneo la mboji liwe mbali na kisima na mfereji wa maji ya mvua, na lisiwe katika bonde la mto Auji au Kisat ambako mafuriko hufika. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa sehemu kubwa ya Kisumu haunyonyi maji upesi, kwa hiyo inueni sakafu kwa kifusi cha mawe kiasi cha sentimita 20 na mchimbe mtaro mdogo kuizunguka. Kabla ya mvua za Machi, ezekeni paa hata kama ni la mabati makuukuu.

Biwi la mboji linahitaji vitu viwili vilivyo kinyume. Taka mbichi za jikoni zina maji na nitrojeni nyingi, na zikiwekwa peke yake hugeuka uji unaonuka. Lazima zichanganywe na vitu vikavu vyenye kaboni, na hapa tumebahatika kuliko miji mingi: kuna makapi ya miwa kutoka viwanda vya sukari vya ukanda wa Kibos, maganda ya mpunga kutoka Ahero, na maranda ya maseremala kila mtaa. Maganda ya mpunga huoza polepole sana, lakini huacha nafasi za hewa ndani ya biwi. Maranda ya mbao zilizopakwa dawa ya mchwa msiyakubali. Kwa kuanzia, pangeni ndoo moja ya taka mbichi kwa ndoo moja hadi mbili za vitu vikavu, tabaka juu ya tabaka, mpaka biwi lifike kimo cha mita moja na nusu na upana kama huohuo. Likiwa dogo kuliko mita moja halitashika joto, na likiwa refu kupita kiasi litajikandamiza na kukosa hewa.

Unyevu hupimwa kwa ngumi. Chukua konzi ya mchanganyiko uukamue kwa nguvu: yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, unyevu unafaa, yakitiririka, ongeza vitu vikavu, usipoona hata tone na konzi ikisambaratika, nyunyiza maji. Joto hupimwa kwa fimbo ya chuma iliyochomekwa katikati ya biwi kwa dakika kumi. Ikitoka ya moto kiasi kwamba huwezi kuishika kwa starehe, vijidudu vinafanya kazi, nalo biwi linapaswa kufika nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa ili mbegu za magugu na vijidudu vya maradhi vife. Biwi ligeuzwe kila wiki, sehemu ya nje ikiingizwa ndani. Linaponuka kama yai bovu, limekosa hewa na ligeuzwe siku hiyo hiyo, maana jirani mmoja aliyekasirika anaweza kuufunga mradi upesi kuliko ofisi yoyote.

Baada ya wiki nane hadi kumi na mbili mboji huwa nyeusi, haina joto na hunukia udongo wa baada ya mvua. Ijaribuni kabla ya kuiuza: pandeni maharage kumi katika mkebe wenye nusu mboji na nusu udongo, na kumi mengine katika udongo mtupu. Yakichipua sawasawa katika mikebe yote miwili, mboji imeiva. Yakinyauka au yakigeuka njano katika ule wa mboji, iacheni wiki tatu zaidi. Kilo 100 za taka mbichi huacha mboji ya kama theluthi ya uzito huo, kwa hiyo msiwaahidi wakulima magunia msiyoweza kuyatoa. Atakayetaka kuifungasha kwa jina lake aipeleke kwanza sampuli maabara, kwa mfano kwa watafiti wa kilimo wa KALRO, ili ajue ana nini mkononi.

Kuhusu gugumaji, mengi hupendekezwa. Ni kweli kwamba linafaa kwa mboji, lakini zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, hivyo lianikwe ufuoni mpaka linyauke ndipo libebwe, la sivyo mtalipia mkokoteni ubebe ziwa. Pia hufyonza metali nzito, na lile linaloota karibu na maji machafu ya viwanda afadhali litumike kwa maua na miti kuliko kwa sukuma wiki.

Mabaki ya samaki, nyama na vyakula vilivyopikwa huvuta panya yakiwekwa kwenye biwi la wazi, na kwa haya kuna nzi mweusi askari, Hermetia illucens, ambaye wataalamu wa icipe, shirika la utafiti wa wadudu lenye kituo pia kule Mbita, wamemfanyia utafiti mwingi. Nzi huyu akishakomaa hali wala hamsumbui mtu jikoni. Mayai yake huanguliwa baada ya siku nne hivi, mabuu hulishwa chakula laini kwa siku tano, kisha kila mabuu 10,000 huwekwa katika beseni na kupewa kilo 15 za taka mbichi zilizosagwa, zikigawanywa mara tatu katika muda wa siku 12. Yavunwe yangali meupe, kabla hayajageuka kahawia. Mabuu makavu yana protini ya takriban asilimia 40, na wafugaji wa kuku na wa samaki huyatafuta kwa sababu omena na soya zimepanda bei. Msilishe mabuu taka za zahanati wala kinyesi ikiwa yatakuwa chakula cha mifugo. Mabaki ya beseni yamalizie kuiva katika biwi la mboji.

Hatua ya tano: taka kavu

Hapa kazi ni kutenga, kusafisha na kubana. Chupa za maji na soda zina alama ya namba 1 chini yake, madumu na chupa za maziwa na sabuni mara nyingi namba 2, na beseni, viti na vifuniko vingi namba 5. Alama ikiwa imefutika, kateni kipande mkitumbukize majini: plastiki za namba 2, 4 na 5 huelea, ya namba 1 huzama. Chupa zenye rangi zitengwe na zile zisizo na rangi, vifuniko vitolewe, kisha chupa zikanyagwe. Gunia la chupa zisizokanyagwa limejaa hewa, na nauli ya tuktuk hailipwi kwa kilo.

Mizani ya mnunuzi ikaguliwe bila ugomvi. Dumu la lita 20 lililojaa maji lina kilo 20 za maji na uzito wa dumu lenyewe. Lipimeni nyumbani, kisha liombeni lipimwe kwake kabla ya mzigo. Katoni zihifadhiwe juu ya mbao, mahali pakavu. Kuhusu chuma chakavu, biashara hiyo ina sheria yake ya mwaka 2015 na inahitaji leseni, na Januari 2022 serikali iliisimamisha nchi nzima kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya miundombinu. Muuzieni mwenye leseni pekee, andikeni kila kilo imetoka kwa nani, na mkatae mifuniko ya mashimo ya barabarani hata ikiletwa na rafiki. Nyaya zisichomwe kutafuta shaba. Moshi wake una sumu ambayo hubaki mwilini miaka mingi.

Hatua ya sita: kinachobaki

Nepi, vipakiti vya viungo na sabuni, karatasi za krisps na vyombo vya stairofomu havitakuwa na mnunuzi, na hivi ndivyo vitakavyopanda lori. Msivifiche. Mara moja kila baada ya miezi mitatu hesabuni vipakiti kwa majina ya bidhaa na mkaandike jedwali, kwa kuwa sheria ya 2022 imeweka wajibu wa mzalishaji kwa bidhaa yake hata baada ya kutumika, na jedwali lenye hesabu ya mtaa wenu likiwasilishwa katika kikao cha maoni ya umma litasikilizwa kuliko malalamiko ya jumla. Sindano ziwekwe katika kopo gumu na kupelekwa zahanati. Betri na simu mbovu zihifadhiwe kwenye ndoo kavu mpaka apatikane mpokeaji mwenye kibali.

Hatua ya saba: watu, vibali na fedha

Kikundi kisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, ambayo inataka wanachama wasiopungua kumi. Taka ngumu ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kwa hiyo ombeni makubaliano ya maandishi kuhusu mitaa mtakayohudumia na mahali mtakapopeleka mabaki, na mwulize afisa wa mazingira ni leseni ipi ya NEMA mtakayohitaji kwa usafirishaji.

Kabla ya kuanza, tafuteni wale waliokuwa wakiokota chupa mtaani humo na waliozoea jaa la Kachok enzi zake, mkawape nafasi katika kikundi. Wanazijua aina za plastiki kwa mguso na wanunuzi kwa majina, na mkiwaruka mtakuwa mmechukua riziki yao na kuiita mazingira. Kila mfanyakazi awe na glavu nene, gambuti na chanjo ya pepopunda.

Fedha zitenganishwe kama taka. Ada ya kila nyumba ilipe mishahara na usafiri, na mauzo ya mboji, mabuu na plastiki yalipe vifaa na akiba. Nimeona kikundi kikifuta ada kwa furaha mwezi ambao bei ya chupa ilipanda, na miezi minne baadaye, bei iliposhuka, hakuna mpangaji aliyekubali kurudia kulipa.

Mwisho wa kila mwezi jumlisheni kilo zilizoingia, mtoe zilizokwenda jaani, na mgawanye jibu kwa kilo zilizoingia. Zikiingia kilo 90 kwa siku na kilo 45 zikaenda jaani, mmeokoa nusu, na kwa miezi mitatu ya kwanza hicho ni kiwango cha heshima. Kikishuka, angalieni kwanza ndoo zilizorudishwa kwa kuchanganywa na ploti zilikotoka. Mara nyingi mtakuta mpangaji mpya amehamia na hakuna aliyemwendea kumweleza. Ploti nyingine isiongezwe mpaka biwi la kwanza la mboji liive, lijaribiwe kwa maharage na kununuliwa.